Maji kwanza, Betadine nyuma

Katika masanduku ya dawa ya koperative nyingi za Beni na Butembo mna chupa moja ya maji ya rangi ya kahawia. Karibu kila mwanachama anaijua. Kuitumia vizuri ni jambo lingine, na sisi wenyewe tulilijua tukiwa tumechelewa.

Msimu uliopita wa kakao tulipita katika koperative moja ya upande wa Mangina kuangalia masanduku ya kuchachusha. Mwanachama mmoja akatusalimia kwa mkono wa kushoto. Ule wa kuume ulikuwa umefungwa kitambaa. Siku 5 zilikuwa zimepita tangu akate kakao kwa mupanga, mupanga ukateleza na kumpasua kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Alikuwa ameenda mbio mpaka depo, akafungua sanduku la dawa, akamwaga Betadine, akafunga. Sasa mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo, na ulitoa harufu.

"Papa Agronomu, dawa nilimwanga mingi," akatuambia. "Sasa juu ya nini mukono inavimba?"

Tukamuuliza kama alikiosha kidonda kabla ya kutia dawa.

"Kuosha? Si Betadine yenyewe njo inaosha?"

Tulimpakia kwenye moto tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi alipofungua kidonda alitoa ndani yake udongo na utelezi wa kakao uliokauka. Mwenzetu alipewa dawa, akachomwa sindano ya tetanosi, na baada ya majuma 3 kidonda kilifunga. Lakini kidole gumba chake mpaka leo hakikunjiki vizuri, na mtu asiyeweza kushika mupanga kwa nguvu anajua hasara yake wakati wa mavuno.

Kosa halikuwa lake peke yake. Chupa ile tuliigawa sisi. Siku ya mafunzo tulitumia saa 2 kueleza kuchachusha na kukausha kakao, na dakika chache tu kuonyesha sanduku la dawa. Makala hii ni deni tunalolipa. Sisi ni watu wa mimea, kwa hiyo mambo ya kidonda tumeyauliza kwa wauguzi, na mambo ya mbuzi kwa veterineri.

Ni dawa gani hii?

Betadine ni jina la biashara. Dawa yenyewe inaitwa povidoni iodini, na inauzwa kwa majina mengi. Iodini iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois, katika majivu ya mimea ya baharini. Kwa miaka mingi watu walitumia tentire ya iodini, yaani iodini iliyochanganywa na alkoli. Inaua mikrobe, lakini inachoma sana. Mwaka 1955, kule Marekani, H. A. Shelanski na M. V. Shelanski walipata njia ya kuifunga iodini kwenye kitu kinachoitwa povidoni, ambacho kinaiachilia pole pole. Hivyo ngozi haichomwi sana, na dawa inadumu. Leo povidoni iodini iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS.

Ukisoma "10%" kwenye chupa, maana yake si kwamba iodini ni 10%. Povidoni iodini ya 10% inatoa iodini 1% tu. Hiyo inatosha kuua bakteria, virusi vingi na kuvu, lakini kwa sharti moja: iwaguse.

Hapo ndipo mwenzetu wa Mangina alipopotea. Iodini haichagui. Ikikuta mikrobe, inaishika. Ikikuta damu, usaha, udongo au mavi ya mbuzi, inavishika pia na nguvu yake inaishia hapo. Mkulima anaelewa jambo hili vizuri. Ukipuliza dawa juu ya majani yaliyojaa tope, umepulizia tope. Na kwa mnyauko wa migomba, ule tunaouita BXW, tunawaambia kila siku: toa kwanza utomvu na uchafu kwenye kisu, kisha kipitishe kwenye moto au klore. Kisu kichafu hakisafishwi kwa kukichovya tu. Kidonda nacho ni hivyo hivyo.

Hatua kwa hatua: kidonda cha mupanga au jembe

1. Zuia damu. Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua-funua, mkono ukiwa juu. Usifunge kamba ya mpira kwenye mkono kwa sababu ya kidonda kidogo.

2. Nawa mikono yako kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda. Kama kidonda ni cha mtu mwingine, vaa glavu. Zikikosekana, vaa mfuko safi wa plastiki. Hapa kwetu hakuna haja ya kueleza sana. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020, ikaua watu zaidi ya 2,200. Tulijifunza wakati ule kwamba damu ya mwenzako haiguswi kwa mkono mtupu, hata kama ni ndugu.

3. Osha kidonda kwa maji mengi. Maji unayoweza kunywa ndiyo maji ya kuoshea kidonda: ya bomba safi, au yaliyochemshwa yakapoa. Toboa kifuniko cha chupa ya plastiki kwa msumari uliochemshwa, jaza maji, kisha kamua chupa ili maji yatoke kwa nguvu na kuingia ndani ya kidonda. Fanya hivyo kwa dakika 5 nzima. Ngozi iliyo kando ya kidonda ioshe kwa sabuni. Hatua hii ndiyo dawa kubwa kuliko zote, na haina bei.

4. Kausha pembezoni kwa kompresi au kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi.

5. Tia povidoni iodini. Mimina kidogo kwenye kompresi, pakaa kuanzia kando ya kidonda ukienda nje. Usirudishe ndani kompresi iliyokwisha kugusa nje. Huhitaji kumwaga nusu chupa. Tabaka jembamba linatosha.

6. Ngoja. Acha dawa ikae angalau dakika 2, mpaka ikauke yenyewe. Wengi wanaipaka na kuifuta papo hapo. Hapo umetupa dawa na pesa.

7. Funika kwa kompresi safi, funga bila kukaza. Badilisha kila siku, na kila mara kitambaa kikilowa au kikichafuka.

Rangi ya dawa inasema kitu. Ikiwa ya kahawia, bado inafanya kazi. Ikipauka na kuwa ya njano hafifu kisha kupotea, iodini imekwisha kutumika.

Siku 2 au 3 za kwanza zinatosha kwa kidonda kidogo kilichooshwa vizuri. Nyama mpya ikianza kuota, nyekundu na safi, acha Betadine. Endelea na maji safi na kitambaa safi tu. Iodini ikitiwa majuma na majuma inachelewesha ile nyama mpya, sawa na mtu anayepalilia kila siku mpaka anang'oa mimea.

Usichanganye

Tumeona vidonda vilivyotiwa dawa 3 kwa siku moja, kila jirani akileta yake. Povidoni iodini haipendi kuchanganywa. Usiitie pamoja na Mercurochrome, ile dawa nyekundu ya zamani yenye zebaki, maana zikikutana zinaweza kuunguza ngozi. Usiitie pamoja na maji ya oksijeni, wala klorhexidini, wala maji ya Dakin. Chagua moja, baki nayo. Klore ya ndoo ya kunawia mikono, tuliyoizoea wakati wa Ebola, si ya kidonda.

Majivu, unga wa kafe, petroli na dawa ya meno pia tumevikuta kwenye vidonda. Vyote vinaongeza uchafu ambao muuguzi atalazimika kuutoa tena, na wewe utalia.

Angalia pia ni chupa gani umeshika. Kuna povidoni iodini ya kupakaa ngozi, na kuna nyingine yenye sabuni ndani, ya kunawia mikono na kuosha ngozi. Ile yenye sabuni inatoa povu na lazima ioshwe kwa maji. Haiachwi ndani ya kidonda. Kama hujui kusoma maandiko ya chupa, mwombe mtoto wa shule akusomee. Hakuna aibu.

Nani asiitumie bila kumuuliza muganga?

Mtoto mchanga wa chini ya mwezi 1. Ngozi yake inapitisha iodini, na iodini nyingi inaweza kusimamisha kazi ya tezi ya shingo. Kwa hiyo, mama, kitovu cha mtoto wako si mahali pa Betadine. Fuata yale uliyoambiwa maternite.

Mama mjamzito na mama anayenyonyesha: kidonda kidogo mara moja si tatizo kubwa, lakini kuitumia kila siku, au mahali pakubwa, kunahitaji ushauri wa muganga.

Mtu mwenye goita au ugonjwa mwingine wa tezi ya shingo. Hapa kuna jambo linalochanganya watu. Goita tunaijua hapa Kivu. Kisiwa cha Idjwi kilijulikana sana kwa ugonjwa huo. Mara nyingi inatokana na ukosefu wa iodini, ndiyo maana chumvi inatiwa iodini. Lakini iodini ya chumvi ni kidogo sana, imepimwa. Ile ya chupa ni nyingi. Usiinywe kamwe ili kutibu goita, wala usiitie katika maji ya kunywa.

Mtu aliyewahi kutokwa na upele au kuvimba baada ya kuipakaa, na mtu aliyeungua moto sehemu kubwa ya mwili, pia wasiitumie. Tena isiingie machoni wala ndani ya sikio.

Chupa yenyewe

Dawa inayoua mikrobe inaweza nayo kuchafuka. Imewahi kutokea hata viwandani huko Marekani, bakteria wakakutwa ndani ya povidoni iodini. Kwetu njia ya kuichafua ni fupi zaidi: kuchovya unyoya wa kuku au kitambaa kilichokwisha kugusa kidonda ndani ya chupa, au kuongeza maji ili "ifike mwisho wa mwezi". Dawa humiminwa kutoka kwenye chupa, hakuna kinachoingia. Iliyobaki kwenye kikombe inatupwa. Na kama muuguzi au veterineri amekuonyesha kuipunguza kwa maji, tengeneza ya siku ile tu.

Iweke penye kivuli, imefungwa, juu ambapo watoto hawafiki. Usiihamishe kwenye chupa ya soda. Mtoto anaona rangi, anafikiri ni kinywaji.

Wakati wa kununua, angalia kifuniko kama hakijafunguliwa na tarehe kama haijapita. Kuna pia jaribio moja ambalo kila mkulima wa Butembo anaweza kulifanya jikoni. Kata kipande cha kiazi au muhogo, dondoshea tone moja. Iodini ikikutana na wanga inageuka rangi ya bluu iliyo karibu na nyeusi. Kama kiazi hakibadiliki, katika chupa ile hamna iodini ya kusema. Jaribio hili halionyeshi kama dawa ni safi au kama kipimo chake ni sawa, lakini linamfichua anayekuuzia maji ya rangi. Kile kipande usikile.

Mbuzi na ndama

Tentire ya iodini na povidoni iodini zina kazi kubwa katika zizi, hasa siku ya kuzaa. Kitovu cha mwana-mbuzi kikiwa kibichi ni mlango wazi. Mikrobe wa mavi wanapanda kupitia hapo mpaka kwenye damu, na baada ya siku kadhaa unaona magoti yamevimba, mtoto hasimami, hanyonyi. Wengi wanasema "amerogwa". Mara nyingi ni kitovu.

Mara tu mwana-mbuzi anapozaliwa, katika saa ya kwanza ikiwezekana, mimina povidoni iodini ya 10% au tentire ya iodini katika kikombe kidogo. Weka kitovu chote ndani ya kikombe mpaka kikombe kiguse tumbo, hesabu mpaka 30 pole pole. Usipake ncha peke yake. Acha kikauke, kisha mwache anyonye. Rudia siku inayofuata. Dawa iliyobaki katika kikombe imwage. Ya mwana-mbuzi wa pili iwe mpya. Ndama naye anafanyiwa hivyo hivyo.

Lakini dawa hii haisafishi zizi chafu. Nyasi kavu chini ya mama, na maziwa ya kwanza katika saa za mwanzo, vinamkinga mtoto kuliko chupa yoyote. Kwa vidonda vya kuhasi au kukata kwato, kanuni ni ile ile ya mtu: maji, sabuni, iodini, muda.

Pale ambapo chupa haitoshi

Povidoni iodini si chanjo. Mikrobe wa tetanosi, wengine wanasema pepopunda, anaishi miaka mingi katika udongo na katika mavi ya wanyama, yaani mahali tunapofanya kazi. Ugonjwa hutokea mara nyingi kati ya siku 3 na 21 baada ya kidonda, wakati mwingine kidonda chenyewe kimekwisha kufunga. Taya zinakaza, shingo inakuwa ngumu, na wengi wanakufa. Mama wanapata chanjo wakati wa mimba. Wanaume wengi wa shamba hawajachanjwa tangu utoto. Papa, uliza kituo cha afya kabla mupanga haujateleza.

Nenda kituo cha afya siku ile ile kama:
– damu haisimami baada ya kukandamiza dakika 15;
– kidonda ni kirefu kwenda chini, au kiko usoni, au kwenye kiungo;
– kidole hakikunjiki au hakisikii;
– ulichomwa na msumari, mti au jino la mnyama;
– kidonda kina udongo usiotoka kwa maji.

Nenda pia bila kungoja kama baada ya siku kadhaa kidonda kinavimba, kinatoa usaha au harufu, mstari mwekundu unapanda kwenye mkono au mguu, una homa, au taya zinakaza.

Kwa mbwa tunaongeza neno. Akikuuma, osha mahali pale kwa maji na sabuni dakika 15 kwa saa, ndivyo OMS inavyosema, kisha tia povidoni iodini, kisha nenda hospitali kuuliza chanjo ya raji siku ile ile. Raji ikikwisha kuonyesha dalili haina dawa. Nyoka ni jambo jingine kabisa: Betadine haifanyi kitu juu ya sumu yake. Usikate, usinyonye, usipoteze saa. Enda.

Tunajua maneno "nenda siku ile ile" si mepesi kwa kila mtu. Kuna mashamba ambayo njia yake haipitiki baada ya jua kuzama, na kuna siku ambazo njia haipitiki kabisa. Kwa sababu hiyo hasa kuosha mapema na kuosha vizuri kuna maana. Maji ya dakika 5 yanaweza kukupa usiku mmoja wa kungoja. Betadine juu ya udongo haikupi kitu.

Kazi ya koperative

Tunaomba kila koperative ifanye mambo manne kabla ya mavuno yajayo. Chagueni watu 2, mama mmoja na papa mmoja, wa kulinda sanduku la dawa. Pembeni ya chupa ya povidoni iodini wekeni kipande cha sabuni, bidoni ya maji safi ya lita 5, chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, glavu na kompresi. Andikeni kwenye chupa tarehe iliyofunguliwa. Na mwombeni muuguzi wa kituo chenu aje siku moja ya mkutano, awaonyeshe kwa mikono, na awaambie siku za chanjo ya tetanosi.

Mwenzetu wa Mangina amekubali kuwa mmoja wa walinzi wa sanduku katika koperative yake. Mara ya mwisho tulipopita alitusalimia kwa mkono wa kuume, kidole gumba kimesimama. Akatuonyesha bidoni ya maji iliyo karibu na mahali pa kupasulia kakao. Juu yake ameandika kwa makaa: MAJI KWANZA.